Viatu Vinavyobana

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu ananificha kitu. Fundi viatu mzima, leo hapa karakanani kwetu kavua viatu vyake mwenyewe na kuvitia kwenye kalibu ya mbao ili vipanuke. Alidhani nimezama kwenye zipu ya mkoba wa mteja. Nilizama, ndiyo — kwa jicho moja.

Nikamuuliza, viatu vya miaka yote hiyo ndiyo vimeanza kubana leo? Akasema ni joto. Joto! Wote wawili tumevaa sweta.

Kwanza niliwaza mwanamke. Nikamtazama vizuri. Hapana. Mwanamke angeshamwambia anyoe hizo nywele za masikioni.

Jumatano, 6 Machi

Si mwanamke. Ni dada yake.

Wifi ndiye aliyemlea, kwa hiyo neno lake halipingwi. Siku hizi anauza unga wa mizizi kwenye kopo la kijani. Virutubisho, anasema. Unasafisha damu, unaondoa uchovu, unaleta usingizi. Umebakiza kupiga pasi tu. Kwenye kopo kuna picha ya babu anapanda mlima mbio, meno yote yako nje. Sijawahi kumwamini mtu anayecheka akipanda mlima.

Nimelikuta kopo ndani ya buti bovu, nyuma ya mashine ya kusugulia soli. Limebaki nusu. Kumbe! Asubuhi anameza vidonge vyake vya presha mbele yangu kama mtoto mwema, halafu anakuja kazini kukoroga unga.

Kopo nimelirudisha lilivyokuwa, babu kaelekea kisigino.

Ijumaa, 8 Machi

Kliniki. Nesi alimpima, akampima tena mkono wa pili. Presha imepanda, na miguu imejaa. Daktari akauliza kama kuna kitu kingine anatumia — miti shamba, unga, chochote cha kujenga mwili. Mume wangu, macho makavu: hakuna, daktari. Akaongezewa dozi.

Nilimwacha aseme. Mtu mzima haumbuliwi mbele ya nesi. Lakini mwavuli niliusahau ofisini kwa daktari. Niliusahau kwa bidii kabisa. Nikamwambia mume atangulie getini, nikarudi. Kopo lilikuwa mkobani tangu asubuhi.

Daktari alisoma maandishi ya nyuma, akaweka kalamu kwenye jina moja. Mzizi huu, akasema, kwa watu wengine unazuia maji na chumvi mwilini. Presha inapanda, miguu inavimba, hata moyo unaweza kuyumba. Vidonge vinavuta chini, unga unavuta juu. Akaifuta ile dozi mpya. Aache unga, asiache vidonge hata siku moja, na wiki ijayo aje apimwe damu.

Njiani mume akaniuliza, mwavuli ndiyo umekuchelewesha hivyo? Nikasema ulikuwa umejificha. Kama vitu vingine.

Jumamosi, 9 Machi

Tangu tufungue karakana anapindua mabuti.

"Unatafuta nini, baba?"

"Msumari."

Nikaliweka kopo mezani, katikati ya gundi na nyundo. Akakaa. Nikamweleza yote. Akaligeuza kopo, babu atazame ukuta.

"Dada kajaza makopo hadi chini ya kitanda. Mimi nikikataa, atanunua nani?"

"Kwa hiyo utakufa kwa adabu?"

Akacheka. Halafu hakucheka. Unga ameacha, naye ameapa. Nimekikubali kiapo hicho, lakini mabuti nitaendelea kuyakagua, na kopo litakaa dirishani, nilione. Kuhusu nani atamwambia dada, akasema: mwambie wewe, mwanamke kwa mwanamke mtaelewana. Shujaa wangu huyo!

Jumatatu, 11 Machi

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye rafu. Viatu vya kupanua. Vya karani wa posta. Vya muuza magodoro. Vya mwalimu wa kwaya. Zamani kazi hiyo ilikuja kwa nadra. Na wote hawa ni wateja wa nani? Wa wifi!

Nikamuuliza mume, wewe hukuona? Akasema aliona kazi imechangamka.

Labda ni joto.

Jozi ya mwisho, nyeusi, ina kifungo cha shaba. Ninaijua. Hiyo ni ya wifi mwenyewe. Hapo mume akasema polepole, huku anaangalia nyundo: dada naye ana presha. Vidonge aliacha. Anasema unga unamtosha.

Tangu lini unajua? Akachukua nyundo, akagonga soli iliyokwisha kugongwa. Sikupiga kelele. Ingekuwa nafuu kwake.

Jumanne, 12 Machi

Wifi amefuata viatu vyake. Kaja na kandambili, anahema kama aliyepandishwa ngazi, na karakana yetu haina ngazi. Mume kakumbuka ghafla kwamba anahitaji uzi, katoka.

"Wifi, mume wako kanipanulia au kanibania?" Tunataniana hivyo siku zote. Kiatu hakiingii. Nikapiga magoti nimsaidie. Kidole gumba changu kilizama kwenye kifundo cha mguu wake. Nikakitoa. Shimo likabaki.

Tukalitazama wote wawili.

"Ni kusimama sana," akasema. Kabla sijajibu, akauliza: "Mbona kopo la mume wako liko dirishani?"

Nikasema ngoja nikalete kijiko cha kuvalia viatu. Niko chumba cha nyuma, naandika juu ya cherehani. Namsikia anasukuma mguu, anapumzika, anasukuma tena.

"Wifi! Umekiona?"

Kijiko kiko mfukoni mwangu. Nimekaa nacho tangu asubuhi. Ninachotafuta huku nyuma ni neno la kuanzia —