Pimamaji Kwenye Mteremko

Alhamisi, baridi ya Juni

Hasira zangu zote ni kwa pimamaji, na pimamaji haina kosa.

Leo nilimaliza kuchomelea mauntingi, vile vikalio vya kushikilia injini, kwenye Landrova kuukuu ya Mwalimu Yusto. Watu wanamcheka: mstaafu mzima anatia injini ya silinda nane kwenye gari la kubebea kabichi! Mimi simcheki. Alinifundisha hesabu darasa la sita, na kazi hii ameniletea mimi, mwanamke, akawapita mafundi wote wa stendi.

Jioni alikuja. Nikamwamkia, akaitikia, akainama kutazama injini na vipimo vyangu.

"Rehema, injini umeinyoosha kwa pimamaji?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na gari limesimama wapi?"

Kwenye mteremko. Karakana yangu yote iko kwenye mteremko, kama kila kitu hapa Lushoto, nimeuzoea hata siuoni tena. Pimamaji inasema injini iko sawa, kumbe gari lenyewe limeinama, na kwenye chesisi, fremu yake, injini imelalia upande. Kesho nakata vikalio vyote viwili, naanza upya.

Nilisubiri maneno makali. Nikawaza, sasa atakwenda stendi na mafundi wa kule watapata la kusema.

Yeye akagusa vipimo nilivyoandika kwa chaki kwenye chesisi, kimoja kimoja, akacheka kidogo.

"Nilikuchapa sana kwa kuniletea majibu bila njia. Leo umeonyesha njia. Ndiyo maana kosa nimeliona."

Nina miaka arobaini na moja. Jibu nimekosa, lakini nimerudi nyumbani kama mtoto aliyepata vema.