Placa ya feni tatu na msiro wa shangazi

Jumamosi jioni, Mocímboa

Basi placa kubwa imeshinda, lakini si kwa sababu nilizoandika jana.

Shemeji alinipa placa gráfica mbili za kompyuta, zile kadi za kuchakata video, nizijaribu, moja nibaki nayo, nyingine nimrudishie kesho. Ndogo ina giga nne na feni moja. Kubwa ina giga nane na feni tatu, na inakula umeme maradufu. Video ileile ya harusi ninayoihariri, ndogo iliitoa kwa dakika arobaini, kubwa kwa kumi na mbili. Mimi moyo wangu uko kwa kubwa.

Tatizo ni shangazi Zainabo. Nyumba yake, jenereta lake, na placa kubwa ikianza kazi, friza lake la samaki linazima. Asubuhi aliniambia, "Mwanangu, dude hilo lirudi lilikotoka."

Mchana akaja tena kunigombeza, msiro mbichi, ule uji wa mti wa kujipaka urembo, umemjaa usoni. Kompyuta nilikuwa nimeifungua ubavu. Akakaa hapo hapo, upepo moto wa zile feni unampiga. Hajamaliza maneno, msiro umekauka.

Akajigusa shavu.

"Na ile ndogo inakausha hivi?"

"Haiwezi, shangazi."

"Basi irudi hiyo. Samaki nitawatia chumvi."

Nilifurahi mapema mno. Feni hazivumi placa isipofanya kazi, na binamu zangu watatu wamekuja na msiro wao. Harusi ileile leo nimeitoa mara nne, kila uso na mara yake.