Tatu na Tatu, Tano

Karakana ya Nyuzi,
Iida, Nagano.
9 Machi 2026

Mpendwa kaka Kunihiro,

Hujambo kaka yangu? Goti lako vipi, na wifi Iracema ameacha kukubebesha magunia? Huko Brazili kwenu bado joto, najua. Sisi ni wazima, ila baridi imegoma kuondoka, na vidole vyangu vinakakamaa asubuhi mpaka niviloweke katika maji moto. Bi Nobue bado ananisaidia kazi hapa karakanani, mwaka wa thelathini sasa, na ulimi wake ni uleule. Niambie kama yale matunda ya kaki yaliyokaushwa niliyokutumia yalifika.

Nakuandikia kwa sababu ya mpwa wako Chihaya. Barua uliyompelekea Januari niliisoma, aliiacha mezani, usinilaumu. Ulimwambia maadamu amerudi nyumbani asiondoke tena, yeye ni mtoto wa pekee, na vizazi vitano vya kufunga bahasha za harusi kwa nyuzi zetu za karatasi visikatikie kwake. Wewe ni mjomba, una haki ya kusema. Na mimi nilivyofurahi kuisoma, niliona aibu. Sasa nisikilize.

Unajua Chihaya anasomea mafundo. Tulimcheka sana, ati miaka yote hiyo chuo kikuu kujifunza kitu alichokifunga bibi yake akiwa na miaka sita! Lakini fundo lao wanahisabati si letu. Lao halina ncha. Ukishalifunga unaziunganisha ncha mbili, basi halifunguki mpaka udanganye: unakata uzi pale unapokatiza mwingine, unaupitisha upande wa pili, unauunga tena. Wao wanahesabu udanganye mara ngapi ndipo libaki duara tupu. Zamani nilimfungia moja zuri ajabu, akaniambia, "Mama, kwetu hili si fundo, lina ncha." Bi Nobue akamnyang'anya kikombe. "Basi na hii si chai, ina kikombe. Lete niinywe mimi."

Sasa, kuna jambo waliloliamini karibu miaka tisini. Fundo likitaka mara tatu, na jingine mara tatu, ukiyaweka kwenye uzi mmoja yatataka sita. Hata mimi ningesema hivyo. Ila hakuna aliyeweza kulithibitisha, na Chihaya alitoa miaka minne kulihangaikia. Shahada yake yote ya uzamivu ilisimama hapo. Mwaka jana wataalamu wawili wa ng'ambo wakaonyesha mafundo mawili, tatu na tatu, yanayofunguka kwa tano. Jambo lenyewe halikuwa kweli tangu mwanzo.

Desemba akaingia hapa na begi moja. "Mama, nimekwisha. Nifundishe kazi." Mwanangu analia, na mimi moyoni nashangilia! Mama gani huyo? Nikajikuta nimepika wali mwekundu. Bi Nobue akachungulia sufuria. "Wali wa sherehe? Kaolewa nani?" Nikatamani ardhi inimeze.

Mwezi uliopita nikampa oda ya harusi, bahasha arobaini. Alizifunga upesi, safi, mikono ya baba yetu kabisa. Siku ya kuzipeleka nikasikia Bi Nobue anapiga ukelele. Zote arobaini kazifunga fundo la kipepeo, lile la kuvuta likafunguka, la kupongezea mtoto akizaliwa, jambo unaloliombea lirudi tena na tena! Harusini, kaka, ambako tunafunga fundo lisilofunguka! Mtoto aliyeijua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma. "Wenzio hata hawajagombana," Bi Nobue akamwambia, "wewe umeshawapa talaka arobaini."

Chihaya akaenda chumba cha nyuma. Nilipomfuata nikamkuta amekaa chini, kazungukwa na nyuzi nyekundu. Kumbe siku zote hizo alikuwa akilifunga lile fundo la tano. Akanivuta nikae. "Tazama tu, Mama, usiseme." Kwanza analivuruga, linakuwa baya zaidi, limerundikana kama tambi. Kisha anakata mahali ambapo mimi nisingethubutu kugusa, anapitisha, anaunga kwa gundi. Mara ya tano akavuta, likawa duara tupu. Miaka arobaini nashika nyuzi hizi, na sikujua zina siri hiyo.

Nikamwuliza, "Huna uchungu nalo? Si ndilo lililokuangusha?"

"Ninao. Lakini ni zuri, Mama! Na hakuna anayejua kwa nini. Mafundo gani yanatii, yapi yanakaidi?" Anacheka, machozi yanamtoka. Ati na rafiki yake wa fizikia anangoja jibu, maana wao wanachunguza vimbunga vidogo ndani ya maji vinavyojifunga mafundo na kujifungua vyenyewe.

Kaka, mimi nikikosolewa rangi tu nanuna wiki nzima. Sijapata kuona mtu anaangushwa hivyo, kisha anainama akitazame vizuri kilichomwangusha. Nilimheshimu mwanangu siku ile, nakwambia kweli.

Nikamwambia afungashe. Akaniuliza, "Na karakana?" Nikamjibu, "Karakana gani? Kwa talaka zako hizi utanifukuzia wateja wote!" Ameshaondoka. Profesa wake amemkubalia aanze upya, miaka miwili mingine. Bahasha tulizirekebisha mimi na Bi Nobue, na kwa bahati zilikuwa rahisi kufungua.

Kwa hiyo nakuomba, usimwandikie tena habari ya kubaki. Ukimwandikia atarudi, maana wewe anakuogopa kuliko mimi. Mwulize habari za mafundo, atafurahi.

Msalimie sana wifi Iracema, na Julio na mkewe, na mjukuu wenu Akemi. Bi Nobue anakusalimu, anasema uzee haukungoji. Mababu zetu wakulinde huko, shamba likupe, na afya isikupungukie.

Neno la mwisho. Kila asubuhi naweka wali mbele ya picha ya marehemu baba na kumpa habari zote za nyumbani, isipokuwa moja: kwamba kazi yake itaishia kwangu. Nafungua mdomo, nashindwa. Njoo Agosti, kwenye sikukuu ya wafu wanaporudi nyumbani, ukae karibu yangu nikimwambia.

Mdogo wako akupendaye, huko uliko,
Mitsue