VJ Akinyamaza

Jumamosi, Kisugu

Eti filamu ya watoto! Nyota zinalipuka, chombo cha angani kinaanguka, na binti yangu Zainabu anacheka tu, maana VJ anayetutafsiria pale kwenye kibanda cha video anatania bila kupumua: "Msiogope, steringi hafi!"

Ghafla VJ akanyamaza. Zainabu akanirukia mapajani. "Bannange, Mama, sasa watakufa kweli!" Hata mimi machozi yalinitoka, mtu mzima.

Kumbe jamaa alikuwa anatafuna chapati! Nilitamani kumrushia kiatu.

Jioni nikamuuliza mume wangu, polisi, mcheshi kuliko VJ yeyote, kama kule mpakani anakohamishiwa kuna usalama. Akanyamaza.

Mungu wangu, naomba iwe alikuwa anatafuna.