Kobe wa Jirani

Mdogo wangu,

Sisi huku hatujambo, sijui wewe. Mvua imekatika. Kuku mweupe anataga karibu kila siku. Bata anataga alfajiri, kisha anapiga kelele kama kafiwa. Njiwa ni mayai mawili tu, basi. Mwanao ndiye anayefuatilia mambo haya. Juzi kaniuliza kama popo hutaga. Nikamwambia popo huzaa na kunyonyesha, akaridhika.

Siku yake ya kuzaliwa tulikupigia, hukupatikana. Labda ni mtandao, kama mwaka jana.

Kobe wa jirani kachimba shimo nyuma ya jiko letu, akataga, akafukia, akaenda zake. Mwanao akauliza atarudi lini kuyaatamia. Nikasema kobe harudi, ndivyo alivyoumbwa. Akaenda kupatazama pale. Nami nilikuwa na vyombo vya kuosha.

Sasa akitoka shule anakaa palepale, hata sahani yake anaipeleka huko. Nimemwambia mayai yale yatachukua miezi.

"Sawa, Mama mkubwa," akasema. "Nataka wakitoka wakute mtu."

Mimi, dada yako.