Mpira Ambao Hukuuita

Nyumba ya pili baada ya kanisa,
Barabara ya Kinu cha Mbao,
Harlow Creek, Georgia.
Jumanne, 14 Agosti 1979

Lemuel,

Huna haya. Neno "mpendwa" nimelisubiri mkononi tangu jana na limegoma kutoka. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba unamtumia bibi yako gazeti lenye uongo, halafu unamwambia alitie kwenye fremu na kulitundika karibu na picha ya babu yako. Nimelifungia mayai ya Dada Verlene.

Lakini salamu sijawahi kumnyima mtu, hata yule jamaa wa bima. U hali gani? Goti limepona? Huku tu wazima. Mguu wangu wa kushoto unavimba mvua ikitaka kunyesha, kuku wanataga, mahindi yameungua kwa joto. Mama yako amewekwa zamu ya asubuhi kule kiwanda cha karanga. Habari za huku zimeisha. Sasa tuje kwenye zako.

Kabla ya kufunga hayo mayai nililisoma gazeti mara nne, kwa kidole. Umemwambia mwandishi hivi: "Mimi niliuita ule mpira. Eusebio hakusikiliza. Labda kwao hawaiti."

Lemuel, mimi nilikuwepo. Tiketi ya besiboli ulininunulia wewe mwenyewe. Viti vya nyuma ya mpigaji nilivikataa kwa sababu ya walevi, nikaenda kukaa kwenye majani, nyuma ya uzio wa kushoto, ili nikuone vizuri. Kutoka pale hadi mgongoni kwako ni kama kutoka jikoni kwangu hadi kwenye banda la kuku. Au ulidhani bibi amezeeka, masikio yamebaki ya kuvalia hereni?

Mpira ulipigwa juu, ukaja kuangukia katikati yenu, wewe uliyekuwa kushoto na Eusebio aliyekuwa uwanja wa kati. Nikamsikia Eusebio: "Wangu, wangu, wangu." Mara tatu, tena kwa lugha yetu, si kwa yao. Wewe ulikuja mbio mdomo umefungwa kama gunia la unga. Na babu yako alikufundisha hili kabla hujajua kufunga kamba za viatu: aliyeuita mpira ndiye mwenye mpira, mwenzake anapisha. Cephus wangu alicheza timu ya kinu cha mbao miaka kumi na minne, akiita mpaka nyumbu wa mzee Purvis wanageuza shingo. Hakuvunja mtu hata ukucha.

Mkagongana. Uliudaka, hilo silikatai. Ukainuka na mpira kwenye glovu, watu wakashangilia, na mimi nikapiga makofi kwa mikono yangu hii. Nilipiga kabla sijaona kwamba mwenzako hajainuka, na mguu wake umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Makofi yale najuta mpaka leo.

Kwa nini ulifanya, najua. Nimeishia darasa la tatu lakini sikuishia akili. Asubuhi ile uliniambia getini, "Bibi, leo kuna mtu wa ligi ya juu kaja kuniangalia." Ukamwona amekaa pale na daftari lake, ukaona mpira ule ndio ngazi yako. Miaka minane uko kwenye ligi za chini. Miaka minane ya kulala kwenye mabasi, ya mkate na siagi ya karanga mchana na jioni, ya chumba kimoja watu wanne. Kila Aprili unaniambia "mwaka huu, Bibi, mwaka huu," na kila Aprili vijana wa miaka kumi na tisa wanakuruka wanapanda juu. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua hizo barua zako, najua zilivyokuwa nzito.

Basi usidhani sijui njaa ya kutaka kuonekana. Nilifua nguo za watu miaka thelathini. Siku moja niliunguza shati la daktari Hollis, jeupe, la harusi ya binti yake. Tulikuwa wafuaji wawili pale, na yule mwenzangu alikuwa bubu. Ningeweza kusema ni yeye. Nililipeleka mwenyewe mlangoni na tundu lake mbele kama jicho. Nikafukuzwa. Mbona niko hai?

Wewe wakakupandisha, siku nne tu baada ya mwenzako kuvunjika. Jumapili Dada Verlene akasimama kanisani: "Mjukuu wa Bi. Ozella anapanda ngazi." Watu wote amina, amina. Mimi nikakohoa. Nje akanishika mkono, "Mbona hukuitikia, shoga? Au unataka tukupigie na kinanda kwanza?" Nikamwambia koo linawasha. Umeona? Umeniingiza na mimi kwenye uongo wako, tena nikiwa nimevaa kofia yangu nzuri.

Na ungekuwa umemfanyia mtu nisiyemjua, labda ningelala. Eusebio, yule kijana wa Jamhuri ya Dominika, ulimleta mwenyewe hapa mwezi wa Juni, siku yenu ya mapumziko. Alikula kambare sahani tatu. Nikamwambia, "Wewe, hicho ni kiti cha kulia, si kituo cha basi. Utakaa mpaka kesho?" Akacheka, na maneno yake machache, "Bibi kali. Chakula nzuri. Mimi nakaa mpaka kesho." Wewe ukaenda kulala barazani. Yeye akatafuta nyundo ya babu yako, akaitengeneza ile ngazi yangu ya nyuma iliyooza, ile uliyoniahidi wewe miaka miwili. Kila nikishuka kwenda kwa kuku naikanyaga kazi yake.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu.

Jumamosi nilipata barua kutoka Dunmore, kwenye timu uliyoiacha. Ni yeye Eusebio aliyesema, akaandikiwa na Bi. Crenshaw, mama mwenye nyumba wake. Klabu inamrudisha kwao Jumamosi hii na mguu wake kwenye plasta. Meneja ameandika kwenye karatasi zake kwamba ni mchezaji mzembe, haiti, hasikilizi wenzake. Kwa karatasi hiyo, hata mguu ukiunga, hakuna timu itakayomchukua. Hakulalamika. Ameniuliza kitu kimoja tu, kwa sababu alipoanguka aligonga kichwa na siku ile yote imemtoka. Nakuandikia kama ilivyo: "Bibi, wewe ulikaa kwenye majani. Mimi niliita au sikuita? Lemuel anasema sikuita, na Lemuel ni rafiki yangu."

Nimeiweka chini ya kopo la sukari siku tatu. Kila nikitia chai naiona.

Mguu ni mfupa, utaunga. Lakini umemfanya mtu asiuamini mdomo wake mwenyewe, na amechagua kukuamini wewe. Hapo ndipo uliponiudhi kuliko pote.

Usinipigie simu kunieleza mambo ya klabu. Usiniambie mtu wa daftari atasemaje, wala kwamba umri unakwenda. Watakushusha? Wakushushe. Watakufukuza? Panda basi uje nyumbani, banda la kuku linataka uzio na mjomba wako Rufus anatafuta mtu wa kumsaidia kwenye lori. Hutakufa. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye yale majani nilipokuwa nimekaa mimi.

Mama yako anakusalimu. Yeye hajui kitu, bado anawaonyesha wenzake kiwandani picha yako. Mjomba Rufus anakusalimu. Dada Verlene naye, na anauliza lini utakuja wakukumbatie. Nimemwambia asubiri. Mungu akubariki, ila mpaka Ijumaa namwomba akusumbue kwanza.

Anayekupenda hata leo, bila kupenda,
Bibi yako, Ozella Tarver

Nimesahau kukwambia. Barua ya Eusebio mimi siijibu. Aliulizia jambo lako, jibu ni lako. Hii itakufikia Alhamisi. Ijumaa asubuhi panda basi urudi Dunmore. Jioni nitampigia Bi. Crenshaw kwa simu ya kanisani, na asiponiambia kwamba ulifika, nitasema mimi, kwa meneja na kwa gazeti, na jina langu nitalitaja lote. Anza kwa Eusebio, kisha ndiyo uende kwa meneja na kwa yule mwandishi. Na ukifika mlangoni kwake usisimame kimya. Piga hodi kwa sauti, taja jina lako, ukikaribishwa ingia, na umwambie aliita. Mwambie na hesabu yake: mara tatu.