Mheshimiwa, Leta Mihogo

Barranco, Belize

Kwa Shemeji yangu mpendwa Teofila,

Pokea heshima zangu na salamu za nyumba hii uliyoiacha. Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Macho yangu sasa hunitii asubuhi tu. Kaburi la dada yako, marehemu mke wangu, tumelipaka chokaa.

Umesikia kwamba binti yetu Anselma aligombea ubunge kwa chama kipya, nje ya vile viwili vya siku zote, chekundu na cha buluu. Alishindwa. Hata hapa kijijini alipata kura chache kuliko idadi ya binamu zake.

Kesho yake wanawake wale wale waliomnyima kura walifika na mbao zao za kukunia mihogo, maana ilikuwa zamu yetu ya kuoka mikate ya mihogo.

“Mheshimiwa, leta mihogo!” alitania Bi Sotera. “Tunakupenda, mwanangu, lakini nyumba yangu ni ya buluu tangu enzi za bibi. Hata babu tulimzika na shati la buluu!”

Anselma alicheka nao hadi kazi ikaisha. Kisha akaniambia, “Baba, afadhali wangenitukana. Ningebaki nipambane nao.”

Ndiyo maana anakuja kwako Los Angeles. Mpokee, Shemeji, mlishe, mwache alie. Lakini nakusihi, usimtafutie kazi. Mihogo aliyoipanda itakomaa mwakani, na Bi Sotera ameshaniuliza ni nani atakayewaita kuikuna.

Barua hii anaileta yeye mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi, naye, kwa malezi ya mama yake, hataifungua.

Shemeji yako mtiifu,
Hilario Nolberto